Samadi Hailiwi na Mahindi
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika shule yetu hakuna mwanafunzi asiyejua uzito wa debe la samadi. Kila mwaka, kabla ya mvua za kupandia, mabweni yote hushindana kubeba samadi kutoka zizi la shule mpaka shambani, na kila mara hapakosi mtu wa kuuliza: "Je, kazi hii yote ina faida gani? Mahindi yatailaje takataka hii?" Wengine huuliza kwa kutaka kujua, na wengine huuliza kwa uvivu. Hata hivyo swali lenyewe ni la maana, nami nimejaribu kulitafutia jibu katika vitabu vya maktaba yetu, kwa mwalimu wetu wa Biolojia, na katika shamba lenyewe. Jibu nililolipata ni hili: mahindi hayali samadi hata kidogo. Samadi huliwa na wengine, na mahindi hupata kile kinachobaki baada ya hao kushiba. Mtu asiyewajua walaji hao aweza kumwaga samadi nyingi shambani akavuna kidogo. Na anayewajua aweza kuvuna vizuri kwa samadi kidogo. Basi wasomaji wapenzi, hasa wazazi wetu ambao ndio wakulima, naomba nieleze jambo hili kwa kadiri nilivyolielewa.

Mmea hula nini?

Mmea hauna meno wala tumbo. Mizizi yake hufyonza tu vitu vilivyoyeyuka katika maji ya udongo, navyo ni vitu vidogo mno. Chukua mfano wa naitrojeni, ambayo ndiyo huyafanya majani yawe ya kijani na mmea ukue kwa nguvu. Mzizi huipokea naitrojeni hasa katika hali mbili: amonia iliyoyeyuka, na chumvi iitwayo naitreti. Lakini katika samadi, katika majani makavu na katika mabua, sehemu kubwa ya naitrojeni imefungwa ndani ya protini na vitu vingine vizito ambavyo mzizi hauwezi kuvimeza. Ni kama kumpa mtu mwenye njaa gunia la mahindi ya punje, bila kinu, bila moto na bila sufuria. Chakula kipo, lakini hakijapikwa.

Kuna ajabu nyingine. Hewa tunayoivuta, mafungu 78 katika kila mafungu 100 ni naitrojeni. Mahindi husimama katika bahari ya naitrojeni, na bado huweza kuwa ya manjano kwa kuikosa, maana naitrojeni ya hewani nayo imefungwa. Basi hapana budi awepo mpishi.

Wapishi wasioonekana

Wapishi hao ni vijidudu vya udongoni. Neno hili huwatisha watu wengi kwa sababu tunalisikia zaidi zahanati, pale tunapoambiwa tunawe mikono na tuchemshe maji ya kunywa. Ni kweli kwamba viko vijidudu viletavyo maradhi. Lakini vilivyo vingi katika udongo havina haja na mwili wa mtu. Kazi yao ni kula vitu vilivyokufa. Gramu moja tu ya udongo wenye rutuba, ambayo haijazi hata kijiko cha chai, huweza kuwa na bakteria mamia ya mamilioni, pengine hata bilioni moja. Pamoja nao wako kuvu, ambao ni jamaa za uyoga, na miili yao ni nyuzi nyembamba zinazopenya kila mahali. Wako protozoa, ambao huwinda bakteria na kuwala. Wako pia wakubwa tunaowajua sote, kama nyungunyungu, mchwa na jongoo, ambao kazi yao ni kukatakata majani na kuyachanganya na udongo ili wadogo wapate pa kuanzia.

Hata katika udawa vijidudu hivi vimetufaa. Mwaka 1943, huko Marekani, kijidudu cha udongoni ndicho kilichotoa streptomaisini, dawa ya kwanza ya jamii yake iliyoweza kutibu kifua kikuu. Na ile harufu nzuri ya udongo mvua za kwanza zinapogusa ardhi kavu, sehemu yake kubwa hutengenezwa na jamaa za kijidudu hichohicho. Kwa hiyo tunaposema udongo "unanukia rutuba," hatukosei sana.

Kazi ya kupokezana

Samadi ikifukiwa, bakteria na kuvu huizunguka na kutoa vimeng'enya, yaani majimaji yenye nguvu ya kuyeyusha. Sisi huyeyusha chakula ndani ya tumbo. Wao huyeyusha nje, kisha hufyonza. Protini hukatwa vipande vidogo. Wanachokihitaji hujengea miili yao, na naitrojeni inayozidi huitoa katika hali ya amonia. Protozoa nao wakiwala bakteria, hutoa amonia nyingine, maana katika mlo huo hupata naitrojeni nyingi kuliko wanayoihitaji. Halafu huja kundi jingine la bakteria, ambalo huigeuza amonia kuwa naitraiti, na kundi la tatu huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Hapo chakula kimeiva, na mzizi waweza kukipokea.

Zamani watu walidhani kwamba kugeuka huku hutokea kwenyewe tu, kama chuma kinavyoshika kutu. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika mrija uliojaa mchanga na chokaa. Kwa muda wa siku kama 20 hapakutokea kitu, kisha naitreti ikaanza kuonekana. Walipotia klorofomu, ambayo hudhuru viumbe hai, kazi ikasimama. Walipotia maji yaliyosukutuliwa katika udongo wa kawaida, kazi ikaanza tena. Hapo ikajulikana kwamba wafanyao kazi ni viumbe hai. Karibu na mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv, alifaulu kuwatenga bakteria hao na kuwaotesha peke yao. Mimi hupenda sana jaribio lile la mrija, kwa kuwa halikuhitaji vyombo vya fahari. Lilihitaji subira na akili.

Hesabu ya kaboni na naitrojeni

Sasa nafika katika jambo ambalo wakulima wengi wangefaidika kulijua, nalo ni hesabu nyepesi inayowezwa na mwanafunzi wa darasa la saba.

Kila kilichokuwa hai kina kaboni na naitrojeni. Kwa kijidudu, kaboni ni kuni na pia ni matofali: nyingine hukichomea nguvu, na nyingine hujengea mwili. Kwa makadirio ya wataalamu, katika kila mafungu matatu ya kaboni ambayo kijidudu hula, mawili hutoka hewani kwa kupumua na moja hujenga mwili. Na mwili huo huhitaji kilo 1 ya naitrojeni kwa kila kilo 8 za kaboni.

Tuanze na mabua makavu ya mahindi. Haya yana kama kilo 60 za kaboni kwa kila kilo 1 ya naitrojeni. Vijidudu vikiyala, kilo 40 za kaboni hupotea hewani na kilo 20 hujenga miili. Kilo 20 za kaboni zinahitaji kilo 2 na nusu za naitrojeni, na mabua yameleta kilo 1 tu. Imepungua kilo 1 na nusu. Itatoka wapi? Vijidudu huinyang'anya katika udongo, mbele ya mizizi ya mahindi. Navyo hushinda siku zote, kwa kuwa ni vingi na viko kila mahali.

Tutazame samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, yenye kilo 18 za kaboni kwa kilo 1 ya naitrojeni. Miili huchukua kilo 6 za kaboni, na kilo 6 zinahitaji robo tatu ya kilo ya naitrojeni. Hubaki robo kilo, na hiyo ndiyo ziada inayoachiwa mahindi.

Na majani mabichi ya mikunde, au ya alizeti pori inayoota kando ya barabara, yana kama kilo 12 za kaboni kwa kilo 1 ya naitrojeni. Miili huchukua kilo 4 za kaboni na nusu kilo ya naitrojeni, na nusu kilo nzima huachiwa mmea.

Mpaka uko katika 24 kwa 1. Juu ya hapo vijidudu hukopa katika udongo. Chini ya hapo hukopesha. Mkopo huo haupotei. Kaboni ikipungua, vijidudu vingi hufa, vingine huliwa, na naitrojeni iliyokuwa ndani yao hurudi katika udongo. Lakini hurudi baada ya wiki nyingi, na mahindi machanga hayawezi kungoja.

Mwaka jana tuliuona ushahidi katika shamba la shule. Katika sehemu moja mabua makavu yalifukiwa, na baada ya siku chache mahindi yakapandwa papo hapo. Sehemu ya jirani ilitiwa samadi iliyokuwa imekaa miezi mitatu chini ya paa. Mahindi ya sehemu ya kwanza yalipofika magotini, majani yake ya chini yalianza kuwa ya manjano, kuanzia nchani na kufuata mshipa wa katikati, na hiyo ndiyo dalili ya njaa ya naitrojeni. Wako waliosema udongo umechoka, na wako waliosema mbegu ilikuwa mbovu. Haikuwa ubishi wa mchezo, kwa sababu mahindi hayo ndiyo ugali wetu wa muhula wa pili. Mimi nilichotazama ni mistari ya maharage iliyokuwa kando, juu ya mabua yaleyale na katika udongo uleule. Yenyewe yalikuwa ya kijani kibichi. Udongo uliochoka ungewezaje kuchoka kwa mahindi usichoke kwa maharage?

Siri ya maharage

Ng'oa mche wa harage polepole, utaona vinundu katika mizizi yake. Kipasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi. Ndani yake wamo bakteria waitwao raizobia, ambao huifungua naitrojeni ya hewani na kumpa harage, na harage huwalipa kwa sukari. Mwaka 1886 Wajerumani Hellriegel na Wilfarth ndio walioonyesha kwamba mikunde hupata naitrojeni ya hewani kwa njia ya vinundu hivi, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe. Basi vijidudu vya mabua vilipokuwa vikiwanyang'anya mahindi, harage lilikuwa na akiba yake nyumbani.

Nilipolielewa jambo hili nilikumbuka kilimo cha kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Umatengo, katika wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Huko wazee wetu wamelima milima mikali kwa zaidi ya miaka 100 kwa njia iitwayo ngolo. Mvua zinapokaribia kwisha, kama mwezi wa Machi, wanaume hufyeka majani. Yakinyauka hupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana ikawa miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia majani yale. Ukitazama kwa mbali, mlima mzima una mashimo yaliyozungukwa na matuta pande nne. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuteremka mbio na udongo. Magugu yakipaliliwa hutupwa mlemle shimoni yakaoze.

Ndani ya matuta hayo kuna majani makavu, yaani kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Na zao la kwanza kupandwa juu yake ni maharage. Mahindi hungoja mpaka mvua mpya za Novemba au Desemba, wakati majani yamekwisha kuoza na mkopo umekwisha kulipwa. Siku moja nilimwuliza bibi yangu kwa nini hawaanzi na mahindi. Alinijibu bila kuacha kupepeta: "Mahindi hayapendi majani yasiyooza. Maharage hayajali." Bibi hakusoma habari za Beijerinck, lakini hesabu ya 60 kwa 1 aliijua kwa kuirithi.

Nyumbani kwetu kuna ubishi juu ya jambo hili, nao haujakwisha. Kaka yangu anasema ngolo ni kazi ya kuvunja mgongo, na kwamba vijana wa kulima wamepungua, kwa hiyo heri tuchome majani na tulime matuta ya kawaida. Hasemi uongo juu ya mgongo. Nami nimelima ngolo, nalijua jembe lake. Baba anasema mlima uliochomwa huteremka bondeni. Tulipopata likizo, baba aliugawa mteremko: nusu kampa kaka alime apendavyo, nusu imebaki ngolo. Majibu yatatolewa na mlima. Mimi niliombwa kusema, nikasema hili tu: moto huliacha jivu, ambalo lina potasiamu na chokaa kidogo, lakini naitrojeni karibu yote ya majani huenda na moshi, na kaboni ambayo ingewalisha wapishi wetu huenda nayo. Jivu hulisha msimu mmoja. Majani yaliyofukiwa hulisha udongo.

Kwa nini mpandaji wa mapema hufanikiwa

Kiangazi vijidudu vya udongoni hulala au hufa kwa ukavu. Mvua ya kwanza ikinyesha, vilivyobaki huamka kwa njaa kubwa, hula miili ya wenzao waliokufa pamoja na mabaki yaliyolegezwa na ukavu, na kwa muda mfupi hutoa naitrojeni nyingi kwa mara moja. Aliyelichunguza jambo hili na kulitangaza sana mwaka 1958 alikuwa mtaalamu H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi Muguga, nchini Kenya, na hata leo wataalamu wa dunia nzima hulitaja kwa jina lake. Ni fahari kwamba udongo wa Afrika Mashariki ndio uliowafundisha.

Mafunzo yake kwa mkulima ni haya. Naitreti haishikwi na udongo. Mvua kubwa huiosha na kuipeleka chini mbali na mizizi. Aliyepanda mapema, mizizi yake huikuta karamu ile. Aliyechelewa wiki tatu hupanda baada ya vyombo kuoshwa. Bwana shamba anaposema tupande na mvua za kwanza, hasemi kwa desturi tu.

Udongo mwekundu na fosforasi

Fosforasi nayo ina habari yake. Mmea usioipata hudumaa, na majani ya mahindi huwa na rangi ya zambarau. Udongo wetu mwekundu una chuma na aluminiamu nyingi, navyo huishika fosforasi kwa nguvu kama mtu aliyefumba ngumi. Hapa vijidudu husaidia kwa njia mbili. Kwanza, wako watoao asidi na vimeng'enya vya kuilegeza ngumi hiyo. Pili, wako kuvu waitwao maikoriza, ambao huingia katika mizizi na kunyoosha nyuzi zao mbali, mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Wao huleta fosforasi na mmea huwapa sukari. Mimea iliyo mingi duniani, pamoja na mahindi, kahawa na maharage, hushirikiana nao. Samadi huwasaidia kwa kuleta fosforasi yake yenyewe na kuufanya udongo uwe mwororo. Ardhi inayogeuzwageuzwa bila sababu hukata nyuzi zao.

Jinsi ya kuwatunza wapishi

Kwa hiyo anayetunza samadi anatunza viumbe hai, na viumbe hai huhitaji chakula, maji, hewa na kivuli. Haya ndiyo niliyojifunza:

Kwanza, samadi isianikwe juani. Ile harufu kali inayochoma pua ni amonia inayoruka. Kila unapoisikia, ujue mbolea inakimbia. Ifunikwe kwa majani ya mgomba au iwekwe chini ya paa. Na mkojo wa ng'ombe usiachwe utiririke; utandikwe majani makavu yaunywe, kwani una naitrojeni nyingi.

Pili, mabua yaozeshwe kabla ya kuingia shambani. Tengeneza biwi penye kivuli, lenye upana wa mita moja na nusu. Panga tabaka la mabua yaliyokatwakatwa, juu yake majani mabichi, juu yake samadi, kisha udongo kidogo wa juu ili kuleta mbegu ya vijidudu. Nyunyiza maji, urudie mpaka biwi lifike kifuani. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe na ukishike: kikiwa cha moto, wapishi wanafanya kazi. Joto la biwi zuri hufika nyuzi 55 hata 65 za Selsiasi, nalo huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Kijiti kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na chenye kunuka vibaya, maji yamezidi na hewa imekosekana, geuza biwi. Ligeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa kawaida baada ya miezi miwili au mitatu huwa mboji, nyeusi, yenye harufu ya udongo wa msituni.

Tatu, shamba lisituamishe maji siku nyingi. Udongo uliokosa hewa huwa na bakteria ambao huchukua oksijeni iliyo katika naitreti ili wapumue, na naitrojeni hurudi angani. Shimo la ngolo hupokea maji kisha huyaachia yapenye, wala si bwawa.

Kama mtu hasadiki kwamba udongo una walaji, na ajaribu kama tulivyojaribu katika klabu yetu. Tulichukua kitambaa kimoja cha pamba tupu, tukakikata vipande vilivyo sawa, tukavifukia kina cha kiganja kimoja: vingine katika sehemu ya samadi, vingine kando ya kiwanja ambako majani huchomwa kila mwaka. Baada ya wiki sita tulivifukua. Vile vya kiwanjani vilikuwa na madoa tu na bado vilivutika. Vile vya penye samadi vilikuwa vimebaki nyuzi chache na pindo lililoshonwa kwa uzi wa nailoni, kwani nailoni hailiki. Wenzetu waliocheka tulipofukia hawakucheka tulipofukua.

Je, samadi peke yake yatosha?

Sipendi kusema zaidi ya ukweli. Gunia moja la kilo 100 za mahindi huondoka shambani na kiasi cha kilo 1 na nusu za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni; tani nzima ya samadi kavu huwa na kiasi cha kilo 10 hadi 20, na sehemu tu ya hizo hupatikana msimu wa kwanza. Mwenye ng'ombe wawili na shamba kubwa hawezi kujaza pengo hilo kwa samadi tu. Mbolea ya kiwandani si adui. Lakini mwaka 2022 tuliona jinsi bei yake ilivyopanda dunia nzima, hata Serikali ikaanza kuitolea ruzuku kwa msimu wa 2022/2023. Anayetegemea mfuko peke yake hutegemea bandari, meli na vita vya watu wengine. Na mfuko wa urea hauleti kaboni. Huleta chumvi lakini haulishi wapishi. Anayechanganya, yaani samadi au mboji wakati wa kupanda na mbolea kidogo ya kukuzia, hupata faida ya pande zote mbili, kwani udongo wenye mboji huishika mbolea isioshwe upesi.

Tena faida ya samadi haina haraka ya kwisha. Huko Uingereza, katika kituo cha Rothamsted ambako majaribio ya mashamba yalianza mwaka 1843, kipande kimoja cha shamba la shayiri kilitiwa samadi kila mwaka tangu 1852 mpaka 1871, kisha kikaachwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye udongo wake bado ulikuwa na mboji nyingi kuliko kipande cha jirani ambacho hakikutiwa kamwe. Nchi ile ni ya baridi, na kwetu vitu huoza upesi zaidi, kwa hiyo sisi hatuwezi kutia mara moja na kukaa. Lakini somo ni lilelile: aliyebeba samadi mwaka 1860 alimsaidia mtu ambaye hakumwona.

Ndugu zangu wanafunzi, tutakapoitwa tena zizini, asiwepo wa kusema kwamba tunabebeshwa takataka. Tunawapelekea wapishi unga. Nanyi wazazi wetu, kabla ya kuwasha kiberiti penye mabua mwaka huu, pangeni japo biwi moja, mpande juu ya mboji yake mistari michache ya mahindi, na kando yake mistari mingine bila mboji. Msituamini sisi wala vitabu vyetu. Hesabuni magunzi siku ya mavuno.